Silinda za breki za Girling za Land Rover 109 Series III: orijino zipo bado, au tunauziwa maboksi?

#1 Mjukuu_wa_Dereva (Arusha)
Wakuu habari zenu. Nina Land Rover 109 Series III ya 1978. Ilikuwa ya babu, aliinunua kwenye mnada wa serikali akaiendesha mpaka macho yalipomkatalia, kisha ikalala chini ya mparachichi miaka mingi. Injini ya petroli 2.25 imeshawaka, bodi imeshanyooshwa, nimebakiwa na breki. Nataka zirudi zilivyotoka kiwandani, silinda za Girling (kampuni ya breki ya Uingereza) magurudumu yote manne, siyo bandika bandua.

Kuna duka hapa mjini nimekuta silinda ya gurudumu la mbele kwenye boksi la zamani limefifia, limeandikwa Girling. Muuzaji anaapa ni orijino, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya Kihindi iliyokaa pembeni yake. Nikamwomba nijaribishe nati ya paipu yangu. Imeingia kwa vidole mpaka mwisho bila spana, na ukiitikisa inacheza.

Naomba kujua kama hiyo ni orijino kweli, na kama siyo, orijino zinapatikana wapi. Jambo lingine, kwa hizi silinda zilizopo, nikikanyaga breki gari inavuta kushoto. Natamani iwe barabarani kabla ya tamasha lijalo la Land Rover hapa Arusha, lile la Oktoba 2024 niliishia kushika uzio.

#2 Kiti_cha_Mbele
Ngoja wajuzi waje. Nimeweka kambi.

#3 Fundi_Gerezani (Dar)
Usinunue. Nati inayocheza maana yake thredi siyo yake. Gari ya 1978 paipu zake ni za inchi, 3/8 UNF (aina ya thredi za inchi), thredi 24 kwa inchi. Hiyo silinda uliyoshika nadhani ni ya milimita, M10 yenye hatua ya milimita 1. Sasa 3/8 ya inchi ni milimita 9.5, ndiyo sababu inazama yote ikicheza. Na kwa jicho hutagundua, kwa sababu thredi 24 kwa inchi ni kama milimita 1.06 kwa hatua. Zinafanana mno.

Hatari yake iko hapa: ukikaza kwa spana itashika, utatoa upepo, pedeli itakuwa ngumu, utafurahi. Siku utakayokanyaga kwa hofu, ng'ombe amekatiza mbele, nati inang'oka na zile thredi chache ilizong'ata. Na gari yako ina mfumo mmoja tu wa breki, haina wa pili wa kukuokoa.

#4 KirinyagaRd (Nairobi)
Fundi #3 amesema kweli kuhusu thredi, lakini boss usimwite muuzaji mwizi bado. Silinda inaweza kuwa Girling halali kabisa ila ni ya Series III za mwishomwisho, zile za miaka ya 80, ambazo zilihamia milimita. Boksi si la uongo, ni la gari nyingine. Hapa Grogan, soko letu la spea, unakuta UNF, milimita, na hata BSF ya magari ya Kiingereza ya kale zaidi (3/8 vilevile lakini thredi 20 kwa inchi) zote kwenye katoni moja, na anayeuza hajui tofauti. Nunua geji ya thredi, ni chuma kidogo cha bei ya chai na mandazi, tembea nayo mfukoni.

#5 Mwalimu_Mstaafu (Morogoro)
Vijana, nimefanya kazi karakana ya serikali enzi za hizo gari. Mnajadili silinda kabla ya kujua gari lenyewe. Kijana wa Arusha, nenda kasome namba ya chesisi. Series III za zamani zina namba yenye herufi moja mwishoni, na herufi hiyo ndiyo inayokwambia ni awamu gani ya mabadiliko. Ukikuta namba ndefu inayoanza na SALL, hilo ni la mwisho, na kadi ya gari imeandikwa mwaka wa mtu mwingine.

Hata chesisi ikiwa ya 1978, ekseli inaweza kuwa ya gari jingine. Sisi tulikuwa tunalala na gari tatu mbovu, tunaamka na mbili nzima. Ekseli ya hii, giaboksi ya ile. Kwa hiyo "zilivyotoka kiwandani" inabidi uichunguze gurudumu kwa gurudumu. Pima dramu: 109 zina dramu za inchi 11, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili. Ukikuta za inchi 10 na silinda moja, basi kuna mtu alikuwekea ekseli ya 88, ile Land Rover fupi.

#6 Mjukuu_wa_Dereva
Shikamoo mzee, asante sana. Nimeenda kuangalia. Namba ni ya kale yenye herufi moja, hakuna SALL. Mbele silinda mbili kila upande, zimeunganishwa na kipaipu kifupi kwa nyuma. Na chuma cha silinda za sasa, nilipokisugua kwa brashi ya waya, jina GIRLING limetokeza lenyewe, herufi zimeinuka kwenye chuma. Ila zinavuja.

#7 Fundi_Gerezani
Kumbe orijino unazo! Basi acha kutafuta maboksi. Toa pistoni, mulika tochi ndani. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukuta. Kama ukucha haunasi popote, weka mipira mipya, rudisha. Kama kuna vishimo vya kutu, nenda kwa mkerezaji.

#8 Mama_Safari (Arusha)
Nasimamia gari za watalii, na mbili kati ya zetu ni hizo 109 za kupigia picha. Kaka, nakusihi kitu kimoja kuhusu hayo maboksi ya kale: chuma hakizeeki rafuni, mpira unazeeka. Silinda iliyokaa ndani ya boksi tangu 1980 ina mpira wa 1980. Ukiuminya kati ya vidole, ukingo wake unapasuka vimistari vidogo sana. Unafungwa gari linasimama vizuri wiki ya kwanza, halafu linaanza kulia machozi ndani ya dramu.

Mimi dereva wangu akishuka barabara ya Seneto kwenda chini kreta ya Ngorongoro na wageni nyuma yake, sitaki kusikia neno orijino. Nataka mpira mpya, silinda mpya kutoka kwa mtengenezaji wa leo anayejulikana, risiti na namba ya spea. Zile kuukuu ziwekeni kwenye kabati la sebuleni, zipendeze.

#9 Baridi_Birmingham
Dada #8, kuhusu mpira upo sahihi. Kuhusu kabati nakupinga. Silinda ya kale ambayo haijawahi kufungwa, ukitoa mpira wake wa ndani na kuweka mpya, ina chuma kizuri kuliko nyingi zinazotupwa leo. Mimi nipo huku karibu na Solihull zilikotengenezwa, na kila Septemba naenda kwenye gulio la spea za kale pale Beaulieu. Unakuta wazee wana meza nzima ya silinda zimefungwa karatasi ya nta. Wanachouliza kwanza ni namba ya spea, gari baadaye. Za kale ni tarakimu sita tupu, zilizofuata zina RTC mbele, halafu zikaja za STC. Bila namba utarudi nyumbani na silinda ya 88.

Na mjue jina Girling limepita mikono mingi. Lilikuwa chini ya Lucas. Mwaka 1996 Lucas ikaungana na Varity ikawa LucasVarity, 1999 ikanunuliwa na TRW, na 2015 TRW ikaenda kwa ZF ya Ujerumani. Ukiona boksi jipya linang'aa lenye nembo ya Girling ya miaka ya 60, jiulize nani kalichapisha.

#10 Toroli_Kampala
Nyinyi mnateseka bure. Nenda Kisekka, soko la spea hapa Kampala, tafuta ekseli ya mbele ya Land Cruiser yenye diski, fundi mzuri anaibadilishia vishikizo, unakanyaga kidogo tu gari inasimama. Nimeona Series kadhaa hapa Kampala zimefanyiwa hivyo.

#11 Kiti_cha_Mbele
Toroli bwana, mtu anaomba kuvishwa kanzu ya babu yake, wewe unamletea suti.

#12 Fundi_Gerezani
#10 hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ukibadili ekseli umebadili uwiano wa difu, umebadili usukani, na masta silinda (ile ya kwenye pedeli inayosukuma oili kwenda magurudumu yote) haiendani tena, kwa sababu diski na dramu hazitaki shinikizo sawa. Wanaoweza kuifanya vizuri ni wachache sana.

#13 Toroli_Kampala
Uwiano unaangalia kabla ya kununua, siyo baada. Lakini sawa, nawaachia uzi wenu.

#14 Kereza_Mwanza
Nimeona nimetajwa kwa kazi. Silinda yenye vishimo haitupwi. Unaipanua kwenye mashine, unapigilia bushi ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, halafu unaikereza irudi kipimo chake cha mwanzo. Nje inabaki na jina lake, ndani ni mpya. Mimi natumia chuma kisichoshika kutu. Ila msimpelekee kila mwenye mashine. Ukuta wa ndani lazima umalizwe kwa jiwe laini. Ukiachwa na mistari ya kisu cha mashine, mpira unakatwa kila unapopita.

#15 KirinyagaRd
Kereza, shaba mimi naiona bora. Bushi ya chuma kisichoshika kutu inaweza kulegea na oili ikapita kwa nyuma yake. Nimeona ikitokea gari iliyokuwa inashuka Mai Mahiu.

#16 Kereza_Mwanza
Bushi ikilegea aliyeipigilia hakuacha nafasi inayotakiwa. Usilaumu chuma.

#17 Nahodha_Nchi_Kavu (Mombasa)
Salaam aleikum jamani. Sisi wa pwani tatizo si silinda, ni paipu. Chumvi inakula paipu ya chuma kwa nje, na huioni kwa sababu imejificha juu ya chesisi kwenye tope. Mtu anaweka silinda za bei kali kwenye paipu iliyobaki ngozi tu. Badilisha zote kwa ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, inakunjika kwa mkono na haishiki kutu. Mdomo wa paipu upigwe kwa kifaa chenyewe, siyo kwa nyundo na bilauri ya chuma niliyoona mtu akitumia hapa Mwembe Tayari.

Marehemu baba alikuwa na 109 ya 1972 iliyounganishwa Thika, paipu zake zilidumu sana mpaka tulipohamia Likoni.

#18 KirinyagaRd
Nahodha, pole kwa mzee. Lakini 1972 Thika haiwezekani. Kiwanda cha Leyland Kenya kilianzishwa 1974, ndicho hiki kinachoitwa KVM (Kenya Vehicle Manufacturers) sasa. Ama mwaka ni mwingine, ama gari ilikuja na meli ikiwa nzima.

#19 Nahodha_Nchi_Kavu
Basi ilikuja na meli, maana mwaka naujua, nilizaliwa nao.

#20 Mzenji_Maskati
Huku Oman Land Rover za zamani zilikuwa nyingi, jeshini na kwa watu. Maduka ya Wadi Kabir wapo wazee wa Kihindi wenye rafu za nyuma hazijaguswa. Shekhe wa Arusha, andika namba ya spea hapa, Ijumaa baada ya sala napita. Nitauliza pia kama kuna mtu wa kuzileta Zanzibar. Lakini nakutahadharisha na zile za Santana. Land Rover zilitengenezwa pia Linares, Hispania, tangu 1958, na kampuni ya Santana ikaenda njia yake, spea nyingi zao hazikai kwenye gari ya Solihull hata zikifanana. Muuzaji atakwambia "Land Rover", hasemi uongo.

#21 Peugeot_Damu (Dodoma)
Mimi nawasoma tu na kuwahurumia. Nyumbani tuna Peugeot 404, kanyaga inasimama, nyooka kama rula. Siyo bahati mbaya Joginder Singh aliitumia kushinda Safari Rally.

#22 Mwalimu_Mstaafu
Peugeot, usitupotoshee watoto. Joginder alishinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. 404 ilishinda 1963 na 1968 kwa mkono wa Nick Nowicki, na 1966 na 1967 kwa Bert Shankland, na huyo Shankland alikuwa mtu wa hapa hapa Tanganyika. Nilikuwa kando ya barabara 1967, tope mpaka magotini.

#23 Peugeot_Damu
Sawa mzee, jina nimekosea. Lakini mara nne! Land Rover ilishinda mara ngapi?

#24 Fundi_Gerezani
Land Rover ilikuwa inazivuta hizo 404 kwenye tope ili zikashinde.

#25 Msimamizi
Rudini kwenye breki tafadhali. Safari Rally ina uzi wake.

#26 Mjukuu_wa_Dereva
Nimefungua dramu zote mbili za mbele leo. Kushoto pakavu, vumbi la kijivu tu. Kulia lainingi zote mbili zimelowa, nyeusi, na oili imetengeneza mstari unaoshuka kwenye bamba la nyuma hadi chini. Ni nzito na inanuka kiberiti. Silinda za kulia nazo zimelowa lakini kwa kitu chepesi zaidi. Hosi ya kushoto inaonekana nzuri, ya kulia imepasukapasuka kwa nje. Je, ndiyo sababu inavuta kushoto?

#27 Mama_Safari
Kabla hawajakujibu, usipige hilo vumbi la kijivu kwa kompresa! Lainingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Uingereza waliipiga marufuku kabisa 1999, huko vijijini kwetu bado zimo ndani ya dramu na kwenye maboksi hayo hayo ya "orijino" tunayoyasaka. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kiweke kwenye mfuko ufunge. Vaa barakoa. Na usimruhusu mtoto kukaa karibu ashike tochi.

Hilo ndilo jambo linaloniumiza kwenye hizi mbio za orijino. Lainingi ya kale hata ikiwa haijatumika, usiifunge.

#28 Fundi_Gerezani
Dada kasema. Hapa Dar tunabandika lainingi mpya zisizo na asbesto kwenye shuu zako zile zile za zamani, kwa riveti. Shuu inabaki orijino.

Kuhusu kuvuta: oili inayonuka kiberiti ni ya ekseli, oili sili ya habu ya kulia imekufa. Lainingi iliyolowa haishiki, kushoto kunashika peke yake, gari inakwenda kushoto. Kesi imekwisha.

#29 Mwalimu_Mstaafu
Haijaisha. Oili nzito inateleza, kweli. Lakini oili ya breki iliyolowanisha lainingi mara nyingine hufanya inate na kukamata ghafla. Yeye ana vyote viwili upande mmoja. Kwa hiyo hatuwezi kusema oili peke yake ndiyo iliyosababisha. Mimi ningeanza na marekebisho. Kila shuu ya mbele ina kirekebishi chake kwa nyuma ya bamba. Kama kulia vimeshika kutu na havizunguki, shuu ziko mbali na dramu, kushoto kunawahi kushika. Zungusha mpaka gurudumu likwame, rudisha kidogo mpaka liachie. Upande wa kulia ukikataa kuzunguka, umepata jibu.

#30 KirinyagaRd
Mimi nalaumu hosi. Kwa nje imepasuka, kwa ndani mpira umevimba na tundu limebana. Unakanyaga, oili inachelewa kufika kulia. Ukiachia, nayo inachelewa kurudi, ndiyo unakuta upande huo unachemka. Mjukuu, baada ya kuendesha, gusa habu ya kulia. Ni ya moto kuliko ya kushoto?

#31 Kereza_Mwanza
Na dramu mmezipima? Dramu moja ikikerezwa mara nyingi inakuwa pana, shuu inagusa katikati tu. Ukikereza ya kulia lazima ukereze na ya kushoto kipimo kilekile.

#32 Baridi_Birmingham
Naongeza moja ambayo nimeikuta kwenye gari iliyotoka Kenya ikaja huku. Silinda za mbele za 109 zina za kushoto na za kulia. Shuu zote mbili za mbele zinapangwa ziongoze, yaani dramu ikizunguka izivute zikaze zaidi, gurudumu likienda mbele. Mtu akichanganya pande, shuu zinageuka za kufuata, upande huo unakuwa dhaifu ukienda mbele na mkali ukirudi nyuma. Jaribu kurudi nyuma taratibu uwanjani ukanyage. Kama sasa inavuta kulia, silinda zimebadilishwa pande.

#33 Mjukuu_wa_Dereva
Nilipoiendesha kabla ya kufungua dramu, habu ya kulia haikuwa ya moto zaidi, ilikuwa baridi kuliko ya kushoto. Kirekebishi kimoja cha kulia kinazunguka, cha pili kimegoma. Kurudi nyuma bado sijajaribu, dramu ziko chini.

#34 Fundi_Gerezani
Baridi maana yake haifanyi kazi. Oili.

#35 Mwalimu_Mstaafu
Au kirekebishi kilichogoma.

#36 KirinyagaRd
Au hosi imeziba kabisa. Vyovyote vile hosi badilisha, zote tatu.

#37 Kiti_cha_Mbele
Swali la pembeni wakuu. Oili gani ya breki inafaa kwa mipira mipya? Kuna mtu kaniambia DOT 5 inachemka juu zaidi na haili rangi.

#38 Mama_Safari
DOT 4. Kavu inachemka nyuzi 230, ikishanyonya maji 155. DOT 3 ni 205 na 140. Ndiyo sababu tunabadilisha kila baada ya muda hata kama haijapungua, maana inanyonya unyevu kupitia mfuniko na hosi. Mlimani unapokanyaga muda mrefu yale maji yanageuka mvuke na pedeli inazama mpaka sakafuni.

#39 Baridi_Birmingham
DOT 5 ni silikoni, 260 na 180. Hainyonyi maji na haiharibu rangi, watu wa gari za maonyesho wanaipenda. Lakini maji yakiingia yanakaa pembeni kama tone na kutengeneza kutu hapo hapo, na haichanganyiki na DOT 4. Ukihamia lazima mfumo wote uwe mkavu na mipira iwe mipya. Msiichanganye na DOT 5.1, hiyo ni ndugu ya DOT 4.

#40 Fundi_Gerezani
Na yeyote atakayeongezea oili ya hidroliki au ya injini "kwa muda tu", mipira yote inavimba, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Kusafisha pia usitumie petroli wala dizeli. Spiriti au oili ya breki yenyewe.

#41 Toroli_Kampala
Nimerudi. Kwa hesabu yenu sasa anahitaji silinda sita, hosi tatu, paipu zote, oili sili, lainingi na mkerezaji. Ekseli yangu ya Kisekka imebaki bei ile ile.

#42 Mama_Safari
Na masta silinda, umeisahau. Kaka wa Arusha, hakikisha ni ya 109. Ya 88 ni ndogo, na gari yako ina silinda sita za kulisha, utapampu mpaka uchoke. Za kwako ni aina ya CV, ya 88 ni CB.

#43 Mzenji_Maskati
Nimepita Wadi Kabir kwa yule mzee. Ana silinda za mbele za 109, ndani ya karatasi ya nta, jina limeinuka kwenye chuma. Nimejaribu kwa nati niliyokwenda nayo ya UNF, imeingia bila kucheza. Lakini ni za kushoto tupu, jozi moja. Za kulia anasema ziliondoka zamani. Nizichukue?

#44 Mjukuu_wa_Dereva
Zichukue shekhe, nitumie bei faragha. Nimepima zangu kwa ukucha kama alivyosema Fundi #7. Za kushoto zina vishimo viwili vikubwa, za kulia ni safi ndani, mpira tu ndio umeisha. Kwa hiyo za kulia zinabaki, za kushoto naweka za Maskati zikiwa na mipira mipya.

#45 Kereza_Mwanza
Za kushoto usitupe. Nitumie Mwanza niziwekee bushi, ziwe za akiba.

#46 KirinyagaRd
Bushi ya shaba, Mjukuu.

#47 Mwalimu_Mstaafu
Na kabla hujafunga kitu, kijana, toa kile kirekebishi kilichogoma. Kiloweshe usiku kucha, usikilazimishe kwa spana ndefu, kikikatika bamba zima linakuwa kazi nyingine.